Mahindi ya githeri ndiyo yaliyonipa kapu

Miezi minne nilikuwa nikitoka kuvua na kurudi Githurai bila samaki niliyemtaka, kapu, na ushauri niliopewa ulichangia sana. "Kijana, hapa ni minyoo tu," aliniambia mzee mmoja kwenye bwawa tunalovulia upande wa Ruiru. Nikachimba kopo zima. Nikapata vitilapia vya kiganja na kambare wawili. Kapu, yule mwenye sharubu nne na magamba makubwa, hata sikumwona. Si kwamba hali minyoo, anaila vizuri sana, ila tilapia wadogo humtangulia.

Mwingine akasema ugali. Nikasonga mgumu, nikaukanda na unga wa ngano, nikafinyanga vidonge. Kidonge kikiponea hewani nikirusha, kinayeyuka majini. Jumamosi moja nilikaa tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni, na kila nilipovuta mshipi ndoana ilikuwa inang'aa. Nilikuwa nikilinda chuma kitupu siku nzima. Iliniuma.

Kilichonifungua macho ni kisu cha jikoni. Nilinunua kapu wa Naivasha, maana kule ndiye aliyeanza kujaza nyavu miaka ya mwanzo ya 2000, nikampasua kichwa taratibu. Mdomoni hana jino hata moja. Meno yako kooni, mapana kama magego, na mdomo ukiuvuta unachomoza kama mrija. Yaani huyu hang'ati. Anafyonza chambo pamoja na matope, anakionja, asipokitaka anakitema. Alihitaji kitu kigumu kisichoyeyuka wala kunyofolewa na tilapia.

Nikanunua mahindi meupe makavu, yale ya githeri, nusu gorogoro. Usiguse mbegu za dukani zilizopakwa dawa. Niliyaloweka usiku na mchana, nikayachemsha hadi mengine yakaanza kupasuka. Usiwatupie samaki mahindi makavu, yatawavimbia tumboni. Na maji yale usimwage! Utamu wote umo humo. Nilitia kipande cha sukari nguru kama kidole gumba, nikafunika ndoo bila kuibana, nikaiacha siku tatu. Siku ya tatu juu kulikuwa na povu jeupe, maji yanavutika kidogo ukiinua punje, na harufu ni ya uji uliochacha. Mama watoto aliihamishia ndoo kwenye baraza, na hapo ndipo ilipo hadi leo.

Sasa uzi. Hapa ndipo wengi wanaharibu, wanachoma punje kwenye ndoana yenyewe. Mimi natoboa punje mbili kwa sindano ya kushonea, napitisha uzi, nazuia mwisho kwa kijiti cha ufagio, halafu nazining'iniza chini ya ndoana, nafasi kama upana wa kidole kidogo. Ndoana inabaki uchi. Kapu akifyonza mahindi, ndoana inafuata, na akitema inamshika mdomoni. Wavuvi wa Uingereza wanafunga hivi tangu karibu na 1980, na nasikitika hakuna aliyeniambia.

Nilirusha konzi tatu za mahindi mahali pamoja, basi. Ukimwaga nusu ndoo watashiba wakuache. Baada ya muda vipovu vidogovidogo vikaanza kupanda pale pale, nikajua kuna wanaochimbua matope. Mshipi ulitikisika mara moja, ukanyooka, halafu ukaanza kukimbia kuelekea matete. Nilimwachia aende, nikamrudisha, akaenda tena, mikono ikatetemeka kama robo saa hivi. Mizani ya mama anayeuza viazi pale barabarani ilisema kilo nne na kidogo.

Mzee wa minyoo alikuja akamtazama, akamgusa sharubu, akaniuliza, "Mahindi haya umeyapika na nini?" Nikamweleza yote, nikamgawia na punje kwenye kopo lake. Ndoo ya Jumamosi ijayo nimeiloweka jana usiku.