Kiingilio cha kuangalia korongo

Barabara ya I-15 kati ya Salt Lake City na Las Vegas naijua kama njia ya kisimani. Miaka sita naipita na lori. Nikifika Cedar City najaza mafuta, nakunywa kahawa yao isiyo na hata chembe ya tangawizi, naondoka. Kumbe muda wote huo Cedar Breaks, hifadhi ya korongo hapa jimboni Utah, ilikuwa pale juu milimani, mwendo usiofika saa moja.

Julai tukapanda, mimi na jamaa yangu Mkenya. Hatukutaka Zion wala Bryce Canyon, hifadhi maarufu za jirani, maana msimu huu kupata pa kuegesha gari huko ni vita. Mji uko kwenye mita 1,780 hivi, na barabara inapanda tu. Pakiti ya krisps kwenye kiti cha nyuma ikaanza kuvimba kama chura. Tulipofika Point Supreme, pa kutazamia korongo, mita 3,150 na ushee, juu kuliko kituo cha Mandara pale Kilimanjaro, ilikuwa imekaza kama ngoma.

Nilishajigamba kwamba mtu wa vilima vya Kondoa hapati shida na mlima. Hatua hamsini tu nikashika magoti, nahema.

"Na si ulisema wewe ni wa milimani, buda?"

Sikumjibu. Kwanza pumzi sikuwa nayo, halafu nilikuwa nimeshafika ukingoni.

Hebu fikiria bakuli lenye kina cha mita 600 hivi na upana wa karibu kilomita tano, ukuta wake umechanwachanwa kuanzia juu hadi chini. Nyekundu, chungwa, waridi, kuna mahali zambarau kabisa. Rangi zote hizo ni madini ya chuma na manganizi ndani ya mawe, yaani kutu. Usiku maji yanaganda kwenye nyufa, yanatanuka, yanapasua jiwe. Mchana barafu inayeyuka na vipande vinaporomoka. Ukinyamaza unasikia vikokoto vikiteleza huko chini. Wapaiute, wenyeji wa nchi hii, waliliita kwa maana ya mahali ambapo mawe yanaporomoka siku zote, na hapo walisema kweli kuliko walowezi, walioona mireteni wakaiita mierezi, ndiyo hilo "Cedar" la jina.

Mimi nilichokiona ni makorongo ya kwetu.

Waliokulia Kondoa wanajua ninachosema. Ardhi yetu nyekundu ililiwa na maji mpaka 1973 serikali ikaleta HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma. Matuta yakachimbwa, miti ikapandwa, na 1979 mifugo yote ikatolewa vilimani. Marehemu baba aliswaga ng'ombe wake kwenda kuwaacha kwa ndugu huko tambarare, na mpaka anazeeka alikuwa anawataja mmoja mmoja kwa rangi zao. Korongo kwetu lilikuwa aibu. Shuleni tulichora mmomonyoko wa ardhi kwenye daftari kama vile unachora ugonjwa. Hapa Rais Franklin Roosevelt alilitangaza hifadhi mwaka 1933, na mtu analipa kiingilio aje kulitazama likiendelea kuliwa.

Tulitembea taratibu, kizee kizee, hadi Spectra Point. Pale kuna misonobari ya aina ya bristlecone, mingine ina zaidi ya miaka 1,600. Mmoja niliukaribia. Shina limesokotwa kama kamba, limekauka, jeupe kama mfupa, ila upande mmoja umebaki mkanda wa gome usiozidi kiganja changu, na mkanda huo ndio unaolisha tawi moja la kijani. Mizizi nusu iko hewani. Udongo uliokuwa chini yake umeshakwenda bondeni. Jamaa yangu aliupiga picha kama ishirini. Mimi nilikaa tu.

Jioni nikampigia mama, nikamtumia picha.

"Umelipa hela kuangalia korongo?"

"Ndiyo, mama."

Kimya kidogo. Nadhani alikuwa anaivuta picha kwa vidole. "Hili limeharibika kuliko la kwetu. Na mifugo je, wameitoa?"

Nikamwambia ndani ya hifadhi hairuhusiwi, ila barabarani, nje ya mpaka, tulipishana na kundi la kondoo msituni.

"Ehee," akasema. "Baba yako naye alikuwa anawaleta hivyo hivyo mpaka mpakani."