Klova ya kulungu ilikuwa inakufa kila mwaka, kumbe ni udongo

Huku Georgia, Marekani, shemeji yangu ana kashamba ka nusu eka pembeni ya msitu, anapanda klova (majani ya malisho ya jamii ya kunde) ili kulungu waje kula, basi miaka miwili mfululizo inaota, inageuka njano, inakufa. Yeye anaongeza fatilaiza tu, hela inaenda. Nikamwambia tupime udongo kwanza bwana. Tukachota sehemu kumi, inchi sita chini, tukachanganya kwenye ndoo ya plastiki tukapeleka ofisi ya kilimo ya kaunti. Majibu: pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ni 5.1, na klova inataka 6 na kitu! Udongo umechacha mno. Machi tukamwaga chokaa ya kilimo tani moja kupunguza huo uchachu, tukapiga haro ichanganyike maana ukiiacha juu inashuka polepole mno. Mbolea ya kuku tukangoja mpaka Septemba, ilishakaa rundo miezi kadhaa haina tena ile harufu ya kuchoma pua, ndo tukapanda. Mei iliyofuata nikang'oa shina moja nikapasua vinundu vya mizizi, ndani pinki kabisa, yaani vinafanya kazi yake ya kuipa klova naitrojeni kutoka hewani. Kulungu wamekula mpaka kwenye seng'enge, sasa shemeji analalamika hawabakishi kitu.