Nilivyoachana na kishoka: kodi ya duka langu la kushona Tanga

Nina duka dogo la kushona Ngamiani, hapa Tanga mjini. Vyerehani viwili, meza ya kukatia na kamba ya kutundikia nguo zilizokwisha. Nashona madera na sare za shule, na Ramadhani ikiingia nashona kanzu za watoto mpaka saa saba usiku. Naandika haya kwa ajili ya mafundi wenzangu, mama lishe na wenye genge, maana wengi wetu tunalipa kodi mara mbili: ya serikali, na ya mtu anayesema anatusaidia kuilipa.

Mwaka 2021 nilikuwa mmoja wao. Kulikuwa na kishoka, yaani dalali asiye rasmi, kijana wa bahasha ya kaki, mtaa mzima unamjua. Akaniambia, "Dada, wewe kaa na cherehani chako, mambo ya kodi niachie mimi." Nilikuwa sina daftari wala rekodi yoyote, nikakadiriwa na TRA, Mamlaka ya Mapato, kodi ya shilingi 250,000 kwa mwaka. Yeye akataka 60,000 ya usumbufu wake. Nikampa zote 310,000 mkononi, akaniletea risiti moja nyembamba. Niliikunja nikaiweka kwenye kopo la vifungo bila kuisoma.

Desemba nikaenda kuhuisha leseni ya biashara. Leseni haitoki bila hati ya kuthibitisha kwamba hudaiwi kodi, na hapo ndipo nilipojua kwamba nadaiwa. Nilirudi dukani nikalimwaga kopo lote mezani, nikaitafuta ile risiti. Iliandikwa 62,500, yaani robo tu. Simu ya kijana ikawa haipatikani, na mpaka leo haipatikani. Nililipa 187,500 zilizobaki pamoja na riba, kwa pesa niliyokopa kwenye mchezo wetu wa kina mama wa kuchangishana pesa. Siku ile nililia, na sioni haya kusema.

Aliyenitoa huko ni mzee mmoja mteja wangu, zamani alikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Alikuja kupunguziwa suruali, akaniona sina raha. Nilipomweleza akauliza, "Mwanangu, daftari lako liko wapi?" Nikamwambia sina. Akasema, "Mali bila daftari huisha bila habari. Basi na kodi bila daftari hukadiriwa bila habari." Kesho yake alikuja na baisikeli yake, kauntabuku mpya kwapani na rula ya mbao. Akanipigia mistari kurasa nne za kwanza: tarehe, jina la mteja, kazi gani, nimelipwa ngapi, bado ngapi. Upande wa kulia, manunuzi: uzi, zipu, vifungo, kitambaa, umeme. Akaniambia kitu kimoja nilichokishika kuliko vyote, "Andika palepale, kabla pesa haijaingia kwenye pochi. Ukisema utaandika jioni, hutaandika."

Nilianza tarehe 1 Januari 2022. Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu kwa sababu ndio msimu wa sare, watu wamejaa mlangoni, kila mmoja na mtoto wake. Nilifunga kalamu kwa uzi kwenye mguu wa meza ili isipotee. Kurasa za Januari zile zina alama za chaki ya kukatia na tone la mafuta ya kitumbua, lakini zimejaa, hakuna siku niliyoruka.

Kulikuwa na mambo mawili ambayo bila daftari nisingeyaona kabisa. La kwanza ni vitambaa vya wateja. Mtu akija na kitenge chake mwenyewe, mimi naingiza ufundi tu, tuseme 12,000. Kile kitenge si mali yangu. Lakini anayeingia dukani akaona vitenge thelathini vinaning'inia, atadhani nina mtaji mkubwa, na ndivyo nilivyokadiriwa mwanzoni. Sasa kila kitambaa cha mteja nakibandika kikaratasi chenye jina na namba ya ukurasa wa daftari. La pili ni simu. Mimi ndiye kijumbe, yaani mkusanyaji wa pesa, wa mchezo wetu, watu kumi na wawili wananitumia pesa kila Jumamosi. Zote hizo zinapita kwenye laini ileile inayopokea malipo ya nguo. Ukichapisha taarifa ya miamala, utasema huyu mwanamke ni tajiri. Nikanunua laini ya pili kwa ajili ya duka peke yake. Kama wewe ni kijumbe, tafadhali fanya hivyo leo.

Machi 2022 daftari lilikuwa bado changa, la miezi mitatu, nikakubali tena 250,000, ila safari hii nikalipa mwenyewe.

Machi 2023 nilikwenda ofisi ya TRA na daftari la mwaka mzima, mafungu ya risiti za manunuzi niliyoyabana kwa pini za nguo, na mkataba wa pango. Nilikwenda wiki ya kwanza ya mwezi, asubuhi, kwa baisikeli. Mwisho wa makadirio ni tarehe 31 Machi, na wiki ya mwisho foleni huwa ndefu. Afisa aliyenihudumia alikuwa dada mpole. Alifungua daftari katikati, akachagua siku moja ya Aprili, akauliza, "Hii 15,000 ya Mama Asha ni nini?" Nikamwonyesha: dera, kitambaa changu, kalipa 10,000, 5,000 kamalizia Ijumaa yake. Akafungua Ijumaa, akaikuta. Baada ya hapo alitulia, akajumlisha.

Mauzo yangu ya 2022 yalikuwa 8,240,000. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu ndipo pesa ilipo. Kwa viwango vya wakati ule, mtu binafsi ambaye mauzo yake kwa mwaka hayavuki milioni 4 halipi kitu. Kati ya milioni 4 na milioni 7, asiye na rekodi analipa 100,000. Mwenye rekodi analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na milioni 11, asiye na rekodi analipa 250,000; mwenye rekodi analipa 90,000, ukiongeza asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Mimi nilizidi milioni 7 kwa 1,240,000. Asilimia 3 yake ni 37,200. Ukijumlisha na 90,000 unapata 127,200 kwa mwaka mzima. Kauntabuku ile iliniokolea 122,800, na kishoka hakupata hata senti.

Nilimuuliza yule dada kuhusu uzi na umeme, nikitumaini vitapunguza zaidi. Akanieleza kuwa kodi hii inahesabiwa kwenye mauzo ghafi, si kwenye faida, kwa hiyo matumizi hayatolewi. Risiti za manunuzi hata hivyo zitunze, zinasaidia kuonyesha kwamba mauzo uliyoandika yana ukweli. Viwango navyo huweza kubadilika kila Julai Sheria ya Fedha mpya inapoanza, hivyo usichukue hesabu yangu ukaipeleka kama ilivyo; uliza vya mwaka wako.

Jambo lililonishtua ni pango. Sikujua kwamba mfanyabiashara aliyepanga anatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuiwasilisha TRA, kwa niaba ya mwenye nyumba. Mzigo kisheria ni wa mwenye nyumba, wewe unakata tu. Lakini jaribu kumwambia mwenye nyumba wa Ngamiani kwamba utampa pungufu! Mwenye nyumba wangu alikataa kata kata. Tulikaa kikao, mimi, yeye na mwanawe wa kiume, nikawasomea mkataba, na mwaka uliofuata tukaandika wazi kwenye mkataba mpya nani anabeba nini. Kama unataka kupanga fremu, zungumza hilo kabla hujatoa pesa ya miezi sita.

Kulipa kwenyewe ni rahisi. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa simu au benki, ujumbe unakuja papo hapo. Usimpe mtu yeyote pesa taslimu akulipie. Mwaka umegawanywa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Yangu ikawa 31,800 kila awamu, ambayo nawekea 2,500 kila wiki kwenye kopo lilelile la vifungo. TIN, yaani namba ya mlipakodi, nayo ni bure kuipata, anayekutoza anakuibia. Makadirio siku hizi unaweza kuyafanya mtandaoni pia, na vijana wa stesheneri wanasaidia kwa ada ndogo, ila nywila iwe yako na uibadilishe ukitoka.

Kaka yangu mwalimu haya hayamhusu, kodi yake inakatwa kwenye mshahara na mwajiri. Na wakati ule mwenye mauzo yaliyozidi milioni 100 hakuwemo kwenye utaratibu huu. Huyo atafute mhasibu aliyesajiliwa, na ada yake ni halali. Mimi nasema na sisi wa chini.

Jirani yangu wa mihogo alikuja mwezi wa tano, akaniomba nimpigie mistari. Yule mzee wa daftari alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, lakini rula yake ya mbao aliniachia. Nikampigia kurasa nne, nikafunga kalamu kwa uzi.

Awamu ya nne niliilipa tarehe 27 Desemba nikiwa nimekaa kwenye cherehani, sketi za sare za Januari zimejaa mapajani. Ujumbe ulipoingia nikauandika kwenye daftari, tarehe na kiasi, kisha nikaendelea na mshono.