Kila Mmoja kwa Hulka Yake, Mbele za Mungu Mmoja

Nina mke na watoto wawili, na baba yangu mzazi anaishi nasi. Sote ni waumini, tunasoma Biblia na kuomba pamoja kila jioni, na pamoja na hayo yote nimefikia kuamini kwamba kinachoipima imani yetu mara nyingi zaidi kuliko magonjwa au misiba ni vijitabia vya kila mmoja wetu. Mmoja hawezi kutulia kitini. Mwingine hajibu neno mpaka alitafakari kwanza, hata kama ameulizwa jambo dogo tu. Mwingine tena huuliza maswali wakati wenzake wamefumba macho. Mtume Paulo aliwaandikia Wakolosai kwamba wachukuliane na kusameheana, naye aliyataja mambo hayo mawili pamoja bila kuyafanya kuwa jambo moja. Aliyekukosea unamsamehe. Anayetofautiana nawe kwa hulka tu hana cha kusamehewa, bali ni wa kuchukuliana naye. Ninavyoona, nyumba nyingi za Kikristo zinaumizana bure kwa sababu watu wanadai toba mahali ambapo hapakuwa na dhambi.

Mke wangu ndiye aliyenifundisha jambo hili, ingawa hakuwahi kulitamka. Ni mtu wa kazi. Wakati wa ibada yetu ya jioni husimama pembeni ya meza akikunja nguo zilizoanuliwa, akinyoosha mikono ya shati kwa kiganja, akilinganisha kola na kola, na huku anafuatilia somo neno kwa neno, kiasi kwamba msomaji akiruka mstari yeye ndiye anayemrudisha. Wageni wetu wengine, watu wema wenye nia njema, wamekwisha kumwambia mbele yangu kwamba aache nguo akae kama Mariamu, dada yake Martha, aliyeketi miguuni pa Yesu. Kila mara linaposemwa hilo huwa najibu, kwa heshima lakini bila kusitasita, kwamba wamesoma habari ya Martha wakaishia katikati.

Ni kweli kwamba katika Injili ya Luka, sura ya 10, Bwana alimwambia, "Martha, Martha, unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi." Lakini maneno hayo yaligusa fadhaa yake na lile shauri lake la kutaka dada yake aondolewe miguuni pa Yesu. Hayakugusa mikono yake. Yohana, katika sura ya 11, anatuonyesha mwanamke yuleyule siku ya msiba wa ndugu yake Lazaro. Martha aliposikia kwamba Yesu anakuja alitoka kwenda kumlaki njiani, na Mariamu akabaki ameketi nyumbani. Hulka ni zilezile mbili, mmoja wa kuondoka na mmoja wa kukaa, ila safari hii yule aliyeondoka ndiye aliyekuwa wa kwanza kuambiwa na Yesu kwamba yeye ndiye ufufuo na uzima, naye akakiri papo hapo kwamba Yesu ni Kristo, Mwana wa Mungu. Muda mfupi baadaye, pale kaburini, Martha huyohuyo anamwambia Bwana waziwazi kwamba maiti imekwisha kunuka, maana ni siku ya nne. Ni mwenye imani kuu, na bado ni mtu anayesema mambo kama yalivyo. Tukifika sura ya 12 tunamkuta tena Bethania, Pasaka ikiwa imekaribia, na Yohana anasema kwa kifupi kwamba Martha alikuwa akitumikia. Yesu alikuwa amemponya fadhaa, hakumwondolea utumishi. Zaidi ya hayo, Yohana anapotuambia Yesu aliwapenda watu gani katika nyumba ile, jina analolitaja kwanza ni la Martha.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu lina uzito nyumbani kwetu. Kama ningemlazimisha mke wangu akae, angekaa, kwa kuwa ananiheshimu, lakini ningekuwa nimempa sura ya utulivu ambayo si yake na kumwondolea namna yake ya kusikiliza. Yeye huomba kwa sentensi fupi, akiwa amesimama, kama mtu anayezungumza na aliye chumba kimoja naye. Mimi huandika maombi yangu daftarini, jina chini ya jina, na jambo likijibiwa naandika tarehe pembeni. Nahitaji meza iwe tupu kabla sijaanza, na nahitaji tuanze saa ileile kila siku. Jamaa yangu wananichukulia katika hayo kwa uvumilivu ambao sikuuomba, na ninaamini kabisa kwamba uvumilivu huo ni tendo la imani, hata kama hakuna anayeliita hivyo.

Watoto wetu nao kila mmoja ana lake. Mwana wetu ni wa maswali. Jioni moja tulikuwa tukisoma habari za Gethsemane, na kabla sijafunga kwa sala akauliza: kama wanafunzi wote walikuwa wamelala, ni nani aliyesikia maneno ya Yesu hata yakaandikwa? Swali kama hilo likiulizwa kanisani, mtoto huambiwa anyamaze. Tulilifuatilia palepale. Luka anasema Yesu alijitenga nao kadiri ya mtu awezavyo kutupa jiwe, yaani umbali ambao sauti inafika. Waraka kwa Waebrania, sura ya 5, unasema aliomba kwa kulia sana na kwa machozi. Kwa hiyo haikuwa sala ya kunong'ona, na Petro, Yakobo na Yohana, wale watatu aliowachukua karibu naye, waliweza kusikia mwanzo wake kabla usingizi haujawazidi nguvu. Mwanangu aliridhika kwa sehemu, akauliza jingine. Namshukuru Mungu kwa kichwa chake, maana kwa miaka mingi nilikuwa nimesoma sura hiyo nikidhani Bwana aliomba kimyakimya, na ni swali la mtoto lililonifanya nimsikie akilia.

Binti yetu ni kinyume chake. Haombi kwa sauti. Zamu yake ikifika huinamisha kichwa, midomo ikacheza kidogo, kisha husema "Amina" nasi tukaitikia. Yapo makanisa ambayo kijana wa namna hiyo huhesabiwa kuwa baridi kiroho. Mimi humkumbuka Hana kule Shilo, ambaye midomo yake ilicheza na sauti yake isisikike, na kuhani Eli, mzee aliyekuwa amezoea kuona watu wakiomba, akamdhania kuwa mlevi. Ombi lile ambalo kuhani hakulitambua ndilo lililomleta Samweli duniani. Mtu mwenye cheo katika nyumba ya Mungu aweza kabisa kuikosea sala ya kweli kwa sababu tu haikuja kwa namna anayoijua, na baba katika nyumba yake ana hatari ileile.

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Si kila kitu ambacho mtu hukiita hulka yake ni hulka. Ipo dhambi inayojificha chini ya maneno "ndivyo nilivyo," na nyumba huzoea kuizunguka mpaka inasahau kwamba ipo. Mmoja wa watumishi wa Nabali alimwambia Abigaili, mke wa Nabali, kwamba bwana wao ni mtu ambaye hakuna awezaye kusema naye. Naipata habari hiyo kuwa ya kutisha zaidi kila ninapoisoma, kwa sababu inaonyesha nyumba nzima iliyokwisha kujipanga kwa ajili ya hasira ya mtu mmoja: watumishi wanajua ni nani wa kumwendea, mke anajua ni nini cha kuficha, na mwenye hasira peke yake ndiye asiyejua lolote. Huo si upekee wa tabia. Baba anayefanya watoto watulie kwa hofu wanaposikia hatua zake mlangoni hawezi kuomba achukuliwe kwa upole kama mtu anayependa meza iwe tupu. Yeye anapaswa kutubu, na wanaomzunguka wana haki ya kusema.

Upendeleo nao ni vivyo hivyo, na huu ni mgumu zaidi kuutambua kwa kuwa una sura ya upendo. Isaka alimpenda Esau kwa sababu ya mawindo yake, na Rebeka akampenda Yakobo. Pengine kila mmoja wao aliona ni jambo la kawaida tu, kwamba mtu huvutwa na anayefanana naye au anayempa anachokipenda. Matokeo yake ni kwamba Yakobo alikimbilia Harani, akamtumikia Labani miaka 20, na Biblia haitusimulii kwamba alimwona tena mama yake. Halafu mtu huyohuyo, aliyeujua uchungu wa nyumba iliyogawanyika, akampa Yusufu kanzu ya pekee mbele ya ndugu zake, mpaka wakashindwa kusema naye kwa amani. Dhambi ya nyumbani hurithiwa kwa urahisi kuliko mali, na hairithiwi kwa damu bali kwa kuigwa, kwa kuwa mtoto huchukua alichokiona kikifanywa na kukihesabu kuwa ndicho ulezi.

Katika kujilinda na hilo, nimefaidika sana na mfano wa Susanna Wesley, mama yao John na Charles Wesley, wahubiri walioanzisha uamsho wa Kimethodisti, aliyeishi Epworth huko Uingereza. Alizaa watoto 19, na karibu nusu yao walifariki wakiwa wachanga. Katika barua aliyomwandikia mumewe mwaka 1712 alieleza jinsi alivyotenga jioni ya kuzungumza na kila mtoto juu ya mambo ya roho yake, na Alhamisi ilikuwa ya John. Yule John, alipokwisha kuwa mtu mzima na msomi, aliikumbuka jioni ile na kuitamani tena. Ninachokipenda katika utaratibu huo ni kwamba mama yule hakutosheka na kuwafundisha kwa pamoja, ingawa kwa wingi ule angeweza kujitetea kwamba hana nafasi. Ibada ya pamoja hufundisha yaliyo sawa kwa wote, na yaliyo ya mtoto mmoja hayasemeki mbele ya ndugu zake. Mimi hutoka na kila mtoto kwa zamu tukatembea kwa miguu, bila simu na bila mada niliyoipanga. Binti asiyeomba kwa sauti huongea mengi tukiwa njiani. Mwana wa maswali, kinyume cha nilivyotarajia, huwa kimya nusu ya safari, na nimejifunza kutoujaza ukimya huo kwa mahubiri.

Baba yangu ana kijitabia ambacho wajukuu wake watakisimulia mpaka uzeeni. Haruki majina. Akipewa zamu ya kusoma Mambo ya Nyakati ya Kwanza, ambacho sura zake tisa za mwanzo zimejaa orodha za vizazi, huweka kidole chini ya mstari, hutamka kila jina silabi kwa silabi, na akikatizwa huanza tena aya nzima. Watoto huchoka, na hata mimi huchoka. Lakini ni kwa kusoma hivyo ndipo tulipomkuta Yabesi katika sura ya 4, mtu aliyesimamishwa ghafla katikati ya majina ili aombe sala yake, kisha orodha ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Na ni kwa kidole kilekile kwamba, katika sura ya kwanza ya Mathayo, baba alisimama kwa Tamari, kwa Rahabu, kwa Ruthu na kwa yule aliyekuwa mke wa Uria, akawaambia wajukuu wake habari ya kila mmoja, zile za aibu pia kwa kadiri ya umri wao, ili wajue Mwokozi alikubali kuzaliwa katika ukoo wa namna gani.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililo karibu zaidi na moyo wangu kwa sasa. Ndugu zangu wa tumbo moja hawaamini, na machoni pao imani yangu yenyewe ndiyo kijitabia: daftari la maombi, ibada isiyokosa saa yake, jina la Yesu katika mazungumzo ya kawaida. Sina uchungu nao. Marko anaandika kwamba jamaa zake Yesu walitoka kwenda kumkamata wakisema amerukwa na akili, na Yohana anaandika kwamba hata ndugu zake hawakumwamini. Yesu hakuwavunjia undugu, wala hakuacha kazi yake ili wamwone wa kawaida. Paulo anataja kwamba baada ya kufufuka Yesu alimtokea Yakobo nduguye, na katika Matendo ya Mitume, sura ya kwanza, mama yake na ndugu zake wamo miongoni mwa waliokuwa wakidumu katika kusali kabla ya Pentekoste. Hatujaambiwa kwamba kuna mtu aliyebishana nao katikati ya mambo hayo mawili.

Kwa hiyo ndugu zangu wanapotutembelea hatuisogezi saa ya ibada wala hatuwashurutishi kukaa. Dada yangu huketi nasi na hata huwasaidia watoto kutamka majina magumu. Kaka yangu husimama akatoka nje, nasi tunamwacha aende kwa amani, na tukishasema "Amina" mimi humfuata huko alipo ili tuendelee na mazungumzo tuliyoyakatiza.