Mkono Mmoja, Barua Mbili

Bwana asifiwe, wapendwa. Juma hili tusome Yakobo 5:1-6, na kando yake tuweke barua mbili za George Whitefield, mhubiri wa Kimethodisti aliyevuka Atlantiki mara 13 na kuanzisha kituo cha yatima cha Bethesda karibu na Savannah, Georgia.

Ya kwanza aliwaandikia wakazi wa Maryland, Virginia na Carolina zote mbili, makoloni ya Uingereza huko Amerika, na Benjamin Franklin akaichapa Philadelphia mwaka 1740. Tarehe yake ni 23 Januari 1739/40. Zama hizo mwaka mpya wa Waingereza ulianza 25 Machi, hivyo Januari ile kwao ilikuwa bado 1739. Asiyejua hilo huirudisha nyuma mwaka mzima.

Humo Whitefield hamung'unyi maneno. Mbwa wa mabwana wanapapaswa mezani, anasema, huku mtumwa akiruhusiwa kwa shida kuokota makombo. Anataja watu waliokatwa visu na kurushiwa uma mwilini. Kisha anawageuzia matajiri maneno ya Yakobo, wale ambao vilio vya wavunaji wao “vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi.”

Lakini ipo sentensi moja ambayo wengi huipita. Kama ni halali Mkristo kununua watumwa, hilo yeye hatajitwika kuliamua. Alikemea mjeledi, soko akaliacha. Naamini ufa ulianzia hapo.

Bethesda ilikula fedha. Michango haikutosha, madeni yakamwandama, na Georgia ilikuwa imepiga marufuku utumwa. Mwaka 1747 akapata shamba South Carolina, ambako sheria iliruhusu, likalimwa na watumwa ili kulisha yatima. Marufuku ya Georgia ikaondolewa mwanzoni mwa 1751.

Barua ya pili ni ya 22 Machi 1751. Katika mkusanyo uliochapwa baada ya kifo chake, mwandikiwa amebaki herufi tu, “Bwana B.” Humo swali lile limekwisha kujibiwa: hana shaka ni halali, kwa kuwa Ibrahimu alikuwa na watumwa walionunuliwa kwa fedha na waliozaliwa nyumbani mwake. Nchi za joto, anasema, hazilimiki bila watu weusi. Angefurahi kuwanunua wengi, awatunze vizuri na kuwalea watoto wao katika Bwana.

Fungueni Mwanzo 17:12-13. Aya inaagiza walionunuliwa nao watahiriwe, waingie katika agano pamoja na mwana wa nyumba. Whitefield alichukua neno “fedha,” agano akaliacha kwenye ukurasa. Aya yenyewe ilikuwa imekaa pale mwaka 1740 pia, alipoandika kwamba hawezi kuamua.

Alifariki Newburyport, Massachusetts, 30 Septemba 1770. Wasia wake ulimwachia Lady Huntingdon, mwanamke wa ukoo wa kitajiri Uingereza aliyeunga mkono huduma yake, kituo cha Bethesda na mali yake, kwa mpangilio huu: majengo, ardhi, watu weusi, vitabu, samani.