Kilo saba za begi la mkononi: nilivyoacha kubishana na watu wa ndege

Mimi ni fundi simu, nina kibanda Makoroboi hapa Mwanza. Spea zangu nazifuata Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, na huwa nazifuata mwenyewe, maana kioo ulichoagiza kwa simu ukifika kukifunga unakuta kina mstari katikati. Kwa basi ni zaidi ya kilomita elfu moja na mia kwenda tu. Ukienda na kurudi, kibanda kimefungwa, wateja wamehamia kwa jirani, na kiuno chako kinadai fidia. Kwa ndege ni saa moja na nusu hivi angani. Ukiwahi kukata tiketi, tofauti ya nauli hailizi.

Ila tiketi ile ya chini kabisa inakupa kiti na kilo saba za mkononi. Begi la chini, lile linalokwenda tumboni mwa ndege, unalinunua mwenyewe. Huu utaratibu si mgeni kwetu: Fastjet ilipoanza kuruka Dar hadi Mwanza Novemba 2012 na zile Airbus A319, nauli zilitangazwa kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, na hapo ndipo wengi wetu tulipojua kwamba tiketi inaweza kuwa kiti peke yake na mzigo ukawa biashara nyingine. Wenyewe walishafunga kazi Tanzania, utaratibu ukabaki.

Kilo saba zenyewe sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni kwamba saba ya leo si saba ya kesho. Unatoka Mwanza asubuhi, dada wa kaunta anakupa pasi yako huku anaongea na mwenzake, begi hata halitazami. Jioni unarudi kutoka Dar na shirika lile lile, begi lile lile, kuna kaka amesimama getini na mizani kama mtu anayesubiri kulipwa deni. Nimeona mama amepita na shangazi kaja limejaa hadi zipu inalia, hakuulizwa kitu. Nyuma yake mimi na kibegi changu kidogo: "Kaka, weka hapo tupime." Tisa na pointi. Lipia.

Nililipa elfu hamsini na kitu siku hiyo, na kwenye kiti nilikaa nikiwaza vioo vingapi vya Tecno vimeyeyuka pale getini.

Nilipowasimulia wenzangu Makoroboi, kila mtu akawa mtaalamu. Mmoja akasema panda wa mwisho, wanakuwa wamechoka. Uongo mtupu. Wa mwisho ndiye anayekuta sehemu za juu za mabegi zimejaa, na hapo ndipo mizani inapotolewa. Mwingine akasema vaa suti, mwenye suti hapimwi. Lakini bingwa wa ushauri mbovu alikuwa jirani yangu anayeuza kava na protekta, mtu ambaye nilikuja kugundua baadaye kwamba hajawahi kupanda ndege maishani mwake. Alinivuta pembeni kabisa, akashusha sauti: "Fundi, koti halipimwi. Mwili wa mtu haupimwi. Mzigo uvae."

Nikaenda Mlango Mmoja kwenye mitumba, nikapata koti la baridi, lile la wazungu wa theluji, refu hadi magotini, mifuko ya nje, ya ndani, hadi ya mgongoni. Elfu kumi na tano hivi, na muuzaji aliniangalia kwa huruma. Nikaenda nalo Dar likiwa limekunjwa.

Wakati wa kurudi, mwezi wa kumi na mbili, joto la Dar mnalijua. Nikajifungia choo cha uwanja wa ndege nikaanza kupakia mwili: protekta za kioo kwenye mifuko ya nje, vichwa vya chaja kwenye ya ndani, mafungu ya nyaya mgongoni, spika ndogo kwenye mikono. Protekta usizione nyembamba, zikiwa mia zina uzito wa tofali. Nikatoka nikitembea kwa hatua fupi, mikono imekaa mbali na mbavu. Kabegi mkononi kilo sita, nimetulia, moyoni nikimwombea jirani maisha marefu.

Kilichomtoka jirani akilini ni kwamba kabla ya geti kuna ukaguzi, na kwenye ukaguzi koti linavuliwa. Nilivua, nikaliweka kwenye trei, trei ikagoma kusogea. Yule kijana wa usalama akalisukuma kwa mkono, likatoa mlio kama sanduku la fundi bomba. Akanitazama. "Mzee, hili koti lina mtu ndani?" Kwenye skrini ya mashine ilikuwa ni nyaya tupu, nyaya zimezunguka nyaya. Mfuko kwa mfuko tukatoa kila kitu, vikapangwa mezani, watu nyuma yangu foleni imefika mlangoni. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, unahama?" Nikarudishiwa vyote, nikavaa upya, jasho sasa linaingia machoni.

Nafika getini, nimejiandaa na mizani. Mizani haipo! Siku hiyo hakuna begi hata moja lililopimwa, watu wanapita na maboksi, na mimi peke yangu ndiye niliyesimamishwa. Dada ananitazama nilivyolowa: "Kaka, unaumwa? Una homa? Unaweza kusafiri kweli?" Ilibidi nimhakikishie kwamba mimi ni mzima na nasikia baridi. Baridi, Dar, Desemba. Ndani ya ndege mkanda haukufunga, nikaongezewa kile kipande cha kurefushia.

Koti nimelitundika kibandani. Jirani akipita namwonyesha kwa kidole.

Baada ya hapo nikaamua kuacha kuwinda bahati na kuangalia mambo yanavyokwenda. Kwa macho yangu, kinachoamua siku ya kupimwa ni ndege kujaa. Ndege ikiwa nusu tupu, mizani inalala. Sikukuu, mwisho wa mwaka, wanafunzi wakifunga vyuo, mizani inaamka. Kinachofuata ni aina ya ndege: ukipangiwa pangaboi, zile Q400 zenye viti sabini na sita, sehemu za juu ya kichwa ni finyu, kibegi kilichoingia vizuri kwenye jeti kule kinakataa, basi wahudumu wanakuwa wakali hata kwa mtu asiye na kosa. Halafu kuna namna begi linavyobebwa. Begi dogo linalovuta bega chini linajichongea lenyewe. Lile shangazi kaja la yule mama lilikuwa kubwa lakini alilibeba kwa vidole viwili.

Mabegi ya magurudumu nimeyaacha kabisa. Mengi ni karibu kilo tatu yakiwa matupu, maana yake karibu nusu ya haki yako umempa aliyetengeneza begi. Na ukubwa unapimwa pamoja na magurudumu na mshikio, watu wengi wanapima boksi peke yake wakifika wanashangaa. IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, wanapendekeza lisizidi sentimita 56 kwa 45 kwa 25, lakini huo ni mwongozo tu, mashirika ya bei nafuu mengi yanataka dogo zaidi. Soma ya tiketi yako. Mimi natumia begi la mgongoni la kitambaa, jepesi, likikataa kuingia kwenye kile kipimo cha chuma nalikandamiza linaingia. La plastiki ngumu utalikandamiza na nini?

Sasa mizani. Hapa niruhusuni nijisifu kidogo. Nilishuka Mwaloni, Kirumba, kwa mama mmoja ninayemtengenezea simu, muuza samaki wa siku nyingi. Nilikuwa nimeiona kwake mizani ya kuning'iniza, ya ndoano, imepata kutu kidogo, ameiweka pembeni baada ya kupata ya kidijitali. Nikamwomba, akaniuzia kwa bei ya kirafiki na sato wawili juu. Nyumbani nikasema nisiiamini hivi hivi. Lita moja ya maji ni kilo moja, hilo halihitaji cheti, kwa hiyo nikajaza dumu la lita tano nikalitundika. Likasoma karibu kilo tano na nusu. Dumu tupu halifiki hata robo kilo, nikautoa uzito wake, bado mizani inaongeza. Nikampigia simu: "Mama, mbona mizani yako inazidisha?" Akacheka mpaka akakohoa. "Baba, hiyo ilikuwa ya kuuzia. Ya kununulia ninayo bado."

Lakini fikirini: kwa begi la ndege hiyo ndiyo mizani bora kuliko zote. Ikisema saba, kweli ni sita na ushei. Hakuna mizani ya getini itakayonishinda. Toka siku hiyo natundika begi kwenye mlango wa gesti Kariakoo, nikitoka hapo sina wasiwasi. Wahudumu wa gesti wananijua, wengine wameshaniomba niwapimie vifurushi.

Jambo la pili lililoniokoa ni pochi ya laptop. Tiketi nyingi zinakuruhusu begi moja na kitu kidogo cha ziada, mkoba wa mama au laptop, ila si zote, na wanaokagua nao hawakubaliani wao kwa wao. Kwa hiyo kabla ya safari nafungua masharti ya tiketi yangu, napiga picha ya skrini, naihifadhi. Getini sibishani. Namwambia, "Dada yangu, naomba unisaidie, hapa pameandikwa hivi," namwonyesha. Mtu ukimpa njia ya kukukubalia bila kuaibika, anakukubalia. Ukipaza sauti, hata picha haikusaidii. Na kama kweli umezidi na ni lazima ulipe, omba risiti mapema, kabla ya kutoa hela, kwa adabu tu. Nimeona hesabu zikipungua ghafla baada ya hilo neno.

Ndani ya pochi ndimo vinakaa vioo, vimepangwa kwenye kontena la plastiki la chakula na karatasi kati yake, pamoja na pawabenki. Sababu ni hii: ndege ikijaa, hata begi halali la kilo sita linaweza kuchukuliwa mlangoni lipelekwe chini, bure lakini bila hiari yako. Kioo kikienda chini umekwisha. Na pawabenki hairuhusiwi kwenda chini kabisa, kwa sababu ya moto wa lithiamu, hivyo wakikunyang'anya begi usisubiri waulize, itoe. Hesabu yake ni rahisi: zile mAh 20,000 zilizoandikwa juu yake gawa kwa 1,000, zidisha kwa 3.7, unapata wati-saa 74. Mwisho usiohitaji ruhusa ni 100. Zile za 30,000 zinafika 111, hizo mpaka shirika likubali. Wateja wangu wananunua kubwa kwa sifa, halafu zinabaki uwanjani.

Msidhani ni Afrika tu. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, mwaka 2014 kwenye kesi iliyolihusu shirika la ndege la Vueling la Hispania, ilisema begi la mkononi ni kitu cha lazima kwa msafiri, halifai kutozwa zaidi mradi uzito na ukubwa wake ni wa kiasi. "Wa kiasi" ni kiasi gani? Ndipo kelele zilipo hadi leo. Novemba 2024 Hispania ikayatoza faini mashirika matano, jumla euro milioni 179, begi la mkononi likiwa mojawapo ya mashtaka. Na mwaka 2025 Ryanair, shirika la bei nafuu la huko huko Ulaya, wakatangaza kupandisha bonasi ya mfanyakazi anayekamata begi lililozidi, kutoka euro 1.50 hadi 2.50 kwa begi. Mkaguzi akilipwa kwa begi, jicho lake haliwezi kuwa kama la yule dada wa Mwanza anayepiga soga.

Kuhusu samaki, maana najua mtauliza: shangazi yangu wa Tabata haelewi nikifika mikono mitupu. Sato na sangara wananunuliwa begi la chini mapema wakati wa kukata tiketi, si uwanjani ambako bei inaruka, na wanaingia kwenye boksi la thamokoli lililofungwa vizuri lisivuje. Usijaribu kupanda nao mkononi. Dagaa ni wepesi, ndiyo, lakini harufu yake inafika rubani.

Betri za kuuza nazo sipandi nazo, mzigo wa biashara wa betri si mzigo wa abiria. Hizo na vitu vizito napakia kwenye basi pale Mbezi, kesho yake nazipokea Nyegezi. Safari iliyopita kondakta alilinyanyua boksi kidogo, akakunja uso, akasema elfu kumi na tano. Nikatoa mizani yangu kwenye begi, nikalitundika mbele yake, kilo nane. Akaangalia, akatikisa kichwa: "Fundi, sisi hapa hatupimi na mashine, tunapima na mkono." Tukaishia elfu kumi.