Nilivyousafirisha upinde wa mianzi kutoka Miyazaki hadi Moshi

Upinde wa kyudo, yaani upigaji mishale wa jadi wa Kijapani, ni mrefu kuliko mtu. Kipimo cha kawaida ni sentimita 221, na sisi warefu hupewa wa sentimita 227. Uzito wake haufiki hata kilo moja, lakini ukiwa wa mianzi haukunjiki, hautenganishwi vipande, hautaki joto wala kubanwa. Posta hawaupokei, maana vifurushi vya kimataifa kwa kawaida huishia urefu wa mita moja na nusu. Anayeutaka nyumbani aubebe mwenyewe. Mimi niliubeba kutoka Miyazaki, kusini mwa Japani, hadi Moshi, ukafika mzima. Naandika nilivyofanya kwa sababu nilipokuwa natafuta maelezo ya namna hii kwa Kiswahili sikuyapata.

Nilikuwa Miyazaki kusomea kilimo cha mpunga. Jioni nilijifunza kyudo kwenye ukumbi wa mtaani, pamoja na wastaafu na wanafunzi wa sekondari. Nilianza na upinde wa faibaglasi wa kuazima kama wanaoanza wote, na nikaupenda mchezo huu kweli kweli. Shabaha ya sentimita 36 iko mita 28 mbele yako. Kila mshale unapigwa kwa hatua nane, kuanzia kupanga miguu hadi ule utulivu unaobaki mshale ukishaondoka, na hakuna anayekuharakisha. Mshiko wa upinde hauko katikati. Uko karibu theluthi moja kutoka chini. Umbo hilo ni la kale sana: maandishi ya Kichina ya karne ya 3 yanawataja watu wa visiwa vile kuwa na pinde fupi chini, ndefu juu.

Sasa, mwendo wa treni kutoka Miyazaki kuna mji uitwao Miyakonojo, na pinde nyingi za mianzi za Japani hutoka hapo. Tangu mwaka 1994 serikali yao imezitambua rasmi kuwa kazi ya jadi ya taifa. Kuishi karibu na Miyakonojo halafu urudi Tanzania bila upinde wa mianzi, kwangu lilikuwa jambo lisilowezekana.

Nilipofika kwa fundi nilimkuta kazini. Mianzi huwa mbele na nyuma, katikati kuna vipande vyembamba vya mianzi iliyochomwa kwa moto, na ubavuni mbao za mti wa Kijapani uitwao haze. Vyote hupakwa gundi, kisha mzigo mzima huzungushiwa kamba kutoka ncha hadi ncha. Halafu fundi huanza kupigilia kabari za mianzi kati ya kamba na upinde, moja baada ya nyingine, kwa haraka kabla gundi haijashika. Kila kabari inapozama, kamba hukaza na mti huanza kupinda. Alikuwa akipiga mbili tatu, anainua, anaangalia kwa jicho moja kama mstari umenyooka, anashusha, anapiga tena. Kabari zilikuwa nyingi hata upinde wenyewe hauonekani vizuri.

Mzee yule aliniuliza swali moja kabla ya yote: huko kwenu joto likoje? Nikamweleza Moshi: karibu na mlima, lakini Januari na Februari jua linachoma, na masika unyevu unaingia hadi kabatini. Basi akaziondoa mbele yangu zile pinde za gundi ya jadi, ile inayopikwa kutoka ngozi ya mnyama. Zinasifiwa kwa jinsi zinavyorudi upesi mkononi, lakini joto na unyevu huilegeza gundi hiyo, na upinde ukiachia gundi umekwisha. Akanipa wa gundi ya kisasa, ambao kuuvuta kunahitaji nguvu ya kilo 14. Ushauri huo nauthamini kuliko mwingine wowote niliopewa katika safari hii. Watu huhangaikia uwanja wa ndege, kumbe kinachoamua kama upinde utadumu ni gundi uliyoichagua dukani.

Kuutoa Miyakonojo hakukuwa na shida. Unauvika mfuko wake wa kitambaa, unausimamisha karibu na mlango wa treni, basi. Japani wanafunzi wanapanda treni na pinde zao kila siku, hakuna anayegeuka kutazama.

Kazi kubwa ilikuwa sanduku. Ushauri unaousikia mara nyingi ni kununua bomba la plastiki la inchi nne. Kwa upinde mpya wa mianzi bomba hilo halifai. Upinde huu ukiutoa uzi haunyooki. Unajipinda kinyume, kuelekea upande ambao hauvutwi. Wangu nilipouweka sakafuni bila uzi, tumbo la pindo hilo lilikuwa sentimita 18 kutoka sakafu. Kuulazimisha kwenye bomba la sentimita kumi ni kuuvunja. Na kusafiri ukiwa umefungwa uzi pia haifai: uzi ukikatika ndani ya sanduku, upinde hujigeuza ghafla ukiwa hauna nafasi, na hapo ndipo unapopasuka.

Kwa hiyo nilitengeneza sanduku bapa. Madukani kule Japani zipo mbao nyembamba za futi nane, karibu sentimita 244. Hizo zikawa kingo. Pande mbili kubwa nilifunika kwa plaiwudi nyepesi, maungio ya upande mmoja yasikutane na ya upande wa pili ili lisivunjike katikati. Ndani nilibandika vipande vya sponji sehemu sita, nikavichonga kufuata pindo la upinde, ili ulale umeshikwa urefu wote badala ya kuning'inia kwenye ncha. Upinde wenyewe niliuzungushia taulo za pamba. Nailoni sikutumia, maana hufungia jasho ndani na mianzi inahitaji kupumua. Kifuniko nilikifunga kwa nati za kukaza kwa vidole, ili mkaguzi akitaka kuona afungue bila kuvunja kitu.

Juu ya kifuniko nilibandika picha ya upinde ukiwa bila uzi, na maneno kwa Kiingereza na Kiarabu, kwa sababu nilikuwa nabadilisha ndege Doha: vifaa vya michezo, pindo hili ndilo umbo lake, tafadhali usiunyooshe. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi, kwamba mtu mwema asiyeujua angeuona umepinda upande usio wake akajaribu kuurekebisha.

Mashirika mengi ya ndege hujumlisha urefu, upana na kina cha mzigo, na kikomo cha kawaida ni sentimita 158. Sanduku langu lilizidi sentimita 270. Niliandikia shirika langu barua pepe mapema kueleza vipimo vyote vitatu, uzito, na kwamba ni kifaa cha michezo kisichobebwa ndani na abiria. Wakajibu kuwa watalipokea kwa malipo ya ziada. Jibu hilo nikalichapisha. Kwenye kaunta, dada aliyenihudumia alipoliona sanduku alisita, akaisoma karatasi, akampigia simu mkubwa wake, nikaambatana na mhudumu hadi kwenye mlango wa mizigo mirefu. Bila karatasi ile sidhani kama mambo yangekwenda upesi namna hiyo.

Mishale ni habari nyingine. Mizuri ya zamani hufungwa manyoya ya tai au mwewe, na ndege hao wamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambao Japani na Tanzania zote ni wanachama. Usiinunue, hata ukipewa kwa bei ya urafiki. Nilibeba ya alumini yenye manyoya ya bata mzinga, na risiti inayotaja hivyo. Glavu ya ngozi ya paa nikaiweka kwenye begi la mkononi, kwa kuwa inakaa mkono wako tu na ukiipoteza hakuna ya kuazima Tanzania.

Pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, sanduku lilitoka la mwisho, limebebwa na vijana wawili. Nikalipeleka mwenyewe kwa forodha kabla ya kuitwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Jeneza la nani hili?"

Nikafungua. Mama yule akainama, akapitisha kidole kwenye mianzi. "Wa Wahadzabe?"

"Hapana mama, wa Kijapani. Wa mchezo."

Akaniambia amekulia Karatu, na babu yake alikuwa akibadilishana mahindi kwa asali na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kwa hiyo upinde anaujua. Alitaka kujua kwa nini mshiko uko chini vile, nikamwonyesha kwa mikono mitupu unavyoinuliwa juu ya kichwa na kushushwa huku ukivutwa. Akasoma risiti zangu zote, akauliza kama ninauza, akaniruhusu.

Nyumbani sikuufunga uzi siku hiyo. Niliulaza chumbani kwenye kivuli hadi upoe na safari, ndipo nikaufunga na kuuacha na uzi wake muda mrefu bila kuuvuta, kama fundi alivyoniagiza, ili utulie katika umbo lake. Sasa unalala juu ya vigingi kwenye ukuta wa ndani, mbali na bati na mbali na dirisha. Gari lililoegeshwa juani ni adui yake mkubwa, kwa hiyo siuachi humo hata kidogo.

Mazoezi nafanya kwa kupiga bunda la mabua ya mpunga kutoka umbali wa kama mita mbili, jinsi wanavyofanya kule kabla ya kwenda kwenye shabaha. Mabua nimeyapata Chekereni, kwenye skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi iliyojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980, na wakulima walinipa bure walipoelewa kazi yake. Kwa mita 28 nahitaji tuta la udongo la kuzuia mishale. Mjomba amekubali nitumie ukingo wa shamba lake akishavuna mahindi, na wapwa zangu wawili wameshaomba kufundishwa. Hao wataanza na upinde wa faibaglasi, ambao hauogopi jua la Moshi.